Pumzi Katikati ya Mluzi

Kamiyatsu, 6 Mei 2023

Kaka Kunihiko,

"Tangu tarehe 9 Juni 2016, sisi watoto wake hatujaona wala kusikia dalili yoyote ya kwamba baba yetu, Urushibata Tamekichi, yu hai."

Hiyo ndiyo sentensi uliyoniletea kwenye fomu ya mahakama nigonge muhuri. Umeichapa vizuri, kama ulivyokuwa ukichapa ratiba za treni kazini kwako, na kila neno limefika kwa wakati wake. Kasoro yake ni moja tu: si kweli. "Hatujaona," nakubali. "Wala kusikia," nakataa. Na kwa kuwa kwenye simu mimi na wewe huishia kukatiana, nakataa kwa maandishi, ili usije ukasema hukunielewa.

Nimemsikia leo, saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, msituni nyuma ya nyumba.

Wewe ulihamia Yokohama ukiwa na miaka kumi na minane, na ukasahau kila kilichokuudhi. Acha nikukumbushe. Kinda wa uguisu, yule ndege mdogo mwimbaji wa mianzini, hazaliwi na wimbo. Huuchukua kwa mkubwa. Ndiyo maana wafugaji wa zamani walimpeleka kinda kwa ndege bingwa, vizimba viwili ubavu kwa ubavu, kila kimoja ndani ya sanduku lenye dirisha la karatasi, ili kinda asione kitu na asisikie ila wimbo mmoja. Aliyesikia walimu wawili ameharibika. Basi kila Mei mimi na wewe tulinong'ona ndani ya nyumba yetu kama wezi. Kucheka kwa sauti lilikuwa kosa. Kupiga mluzi lilikuwa kosa la fimbo.

Na bingwa wa baba alipokufa, baba hakwenda kuomba bingwa wa mtu. Alifundisha kwa mdomo wake. Lakini mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la machimbo ya chokaa, ule mluzi mrefu wa mwanzo hakuweza kuumaliza kwa pumzi moja. Alivuta pumzi katikati, kisha akaendelea. Makinda wakajifunza mluzi pamoja na pumzi. Kwenye mashindano ya ndege wazee wenzake walimcheka: "Tamekichi, ndege wako ana pumu, mpeleke hospitali!" Naye akawajibu, "Wa kwenu wanaimba tu. Wangu anaishi." Hapana uguisu mwingine Japani nzima aliyeimba hivyo, kwa sababu hapana mtu mwingine aliyefundisha kwa pafu moja na nusu.

Leo nimetoka na darubini na chupa ya chai ya shayiri, kama kila siku ya Mei. Msitu wenyewe unaujua, ukubwa wa viwanja viwili vya shule, huku nyumba zetu, kule reli. Kigogota wa kijani ametoboa mcheri mkongwe na ana mayai. Kigogota mdogo anapanda shina akilia kama bawaba iliyokosa mafuta. Yule ndege wa koo la manjano amerudi kutoka kusini na anajigamba juu ya kila tawi. Yote ya kawaida. Kisha, kutoka kwenye mianzi, ukaja mluzi mrefu. Ukakatika. Nikasikia kimya. Halafu ukaendelea, na noti tatu za kumalizia.

Ninaandika kila kitu kwenye daftari, unanijua. Mwaka 2017 kimya kile cha katikati kilikuwa hesabu ya moja. Mwaka huu nimehesabu nne. Ndege hazeeki namna hiyo. Anayezeeka hivyo ni mtu.

Sitagonga muhuri. Msitu hautauzwa kwa hao wenye vioo vya umeme wa jua, na baba hatazikwa kwa karatasi.

Chigusa


Yokohama, 11 Mei 2023

Chigusa, mdogo wangu,

Majani mapya yanameremeta hata kwenye mitaa yetu ya saruji. Natumaini kikohozi chako kimepoa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nina miaka sitini na mitatu, goti langu halipandi ngazi, na sitaki ugomvi. Naona hoja yako inajijibu yenyewe. Unasema uguisu huchukua wimbo kwa mkubwa wake. Sawa. Polisi walipokuja mwaka ule na kufungua vizimba saba vya baba, pale nyuma ya bafu, chini ya mplamu, ndege saba wenye wimbo wake waliingia msituni. Wamefundisha wana wao, na wana wamefundisha wajukuu. Hilo ndilo unalolisikia. Kama kimya kimerefuka kutoka moja hadi nne, ni kosa la kunakiliana, mfano wa ujumbe uliopita midomo saba.

Baba angekuwa na miaka themanini na moja. Alitoka amevaa kandambili, bila koti, bila dawa ya kifua. Mbwa wa polisi waliupita msitu ule mara tatu. Tarehe 9 Juni miaka saba inayotakiwa na sheria inatimia, na mahakama ya familia itatuuliza swali lile lile moja. Mnunuzi naye hatangoja hadi vuli.

Sikuombi umsahau. Naomba tumwache apumzike, nasi tupumzike. Tafadhali gonga muhuri.

Kunihiko


Kamiyatsu, 15 Mei 2023

Kaka,

"Kosa la kunakiliana"! Umekaa miaka arobaini na ratiba za treni, hujui kosa linavyokwenda? Makosa hutawanyika kama kuku waliotishwa, huyu huku, yule kule. Haya yamekwenda upande mmoja kwa miaka saba: moja, moja na nusu, mbili, mbili, tatu, tatu na nusu, nne. Ukimpelekea daktari orodha hii bila jina, atakuuliza mgonjwa amelazwa wodi gani.

Lakini sikukaa kutafuta hoja tu. Nimefanya jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Tarehe 12 nilipiga mluzi, mwezi wa Mei, kwa mdomo wangu huu. Niliiga wimbo wa baba, pamoja na pumzi.

Nikajibiwa kutoka kwenye mianzi.

Tarehe 13 nikapiga tena. Jibu likatoka kwenye uzio. Jana likatoka nyuma ya ukuta wa bafu, karibu sana hata nikasikia hewa ikivutwa, ile sauti ya mtu anayenyonya supu ya moto. Nikafungua dirisha ghafla. Hapakuwa na ndege wala jani lililotikisika. Kigogota aliyekuwa akigonga tangu alfajiri alikuwa amenyamaza. Hata kunguru wa kwa jirani yetu Bi Orihara, ambao hawamheshimu mtu, walikuwa wamenyamaza.

Najua utakalosema. Utasema uguisu ni mgumu kumwona, na dume akisikia mpinzani humsogelea. Nakushukuru, hayo niliyaandika mimi mwenyewe kwenye jarida la chama chetu cha ndege. Ila dume anayekuja kupigana huharakisha wimbo. Huyu alipunguza mwendo. Aliimba kama mtu anayechungulia dirishani kuhakikisha aliyemo ni nani.

Sasa nikuulize. Unasema vizimba vilifunguliwa nyuma ya bafu, chini ya mplamu. Siku ile mimi nilikuwa Kumagaya, ofisini kwenye gazeti. Wewe ulikuwa Yokohama, ndivyo ulivyoniambia. Baba hakusema na mtu, akakaa siku tatu akitazama vizimba vitupu, kisha akatoka. Nani alikuambia habari za mplamu?

Nauliza kwa sababu sijawahi kumjua aliyemchongea baba kwa polisi, na bado nataka kumjua. Kuwafuga wale ndege lilikuwa kosa kisheria, na mimi sikuwahi kulificha. Ndimi niliyeandika gazetini kwamba kizimba ni jela, wiki mbili kabla ya polisi kuja, na baba akaisoma makala ile mezani mbele yangu. "Umeandika vizuri," akaniambia, "ila hujui kitu. Nipe chumvi." Tukaendelea kula. Kugombana na mtu uso kwa uso ni jambo moja. Kumuuza ni jambo jingine.

Chigusa


Kamiyatsu, 22 Mei 2023

Bwana Kunihiko,

Niwie radhi kwa mwandiko wa bibi wa miaka sabini na minane. Uliniomba nimwangalie dada yako, nami si mpelelezi, lakini keki uliyotuma nimeshaila, basi sina budi.

Anakula, anaoga, anagombana na watu wa ofisi ya mji kuhusu kufyeka nyasi. Kwa hiyo ni mzima. Ila kuna jambo. Kila alfajiri, kama saa kumi na nusu, nasikia jikoni kwenu lile bakuli la udongo likisaga. Kwaru, kwaru, kwaru. Kama zamani baba yenu alipokuwa akiwasagia ndege chakula. Na harufu inanifikia kitandani, soya iliyokaangwa, pumba, samaki mkavu wa mtoni. Nilimuuliza juu ya uzio, "Dada Chigusa, siku hizi unafuga?" Akacheka. "Bi Orihara, nifuge nini, mbu?" Nikasema moyoni, ni upweke tu, anasaga bila kujijua. Mume wangu alipokufa nami nilikuwa nikipakua bakuli mbili.

Ukurasa huu wa pili nilitaka nisiuandike. Tarehe 18 dada yako alikwenda Kumagaya kwa rafiki yake, akalala huko siku mbili, akaniachia ufunguo nimwagilie maua. Alfajiri ya tarehe 19 bakuli likasaga kama kawaida. Nilijipa moyo nikaingia. Jikoni pakavu. Bakuli liko juu ya kabati, limefunikwa gazeti, na gazeti lina vumbi la kuandikia jina. Lakini harufu ilikuwepo, na haikuwa ya zamani. Ilikuwa ya majani ya figili yaliyosagwa muda ule ule.

Yeye sijamwambia. Nimekuambia wewe kwa kuwa uko mbali na hutaogopa.

Orihara Mitsu


Yokohama, 25 Mei 2023

Chigusa, mdogo wangu,

Mvua za masika ya huku zinakaribia, na maua ya hortensia ya jirani yameanza kupata rangi. Jifunike vizuri asubuhi.

Kuhusu mplamu, nadhani ulinisimulia wewe mwenyewe wakati ule. Tulisimuliana mengi.

Sasa naomba usikasirike. Bi Orihara ameniandikia, kwa wema. Anasema kila alfajiri anasikia jikoni kwako bakuli likisaga chakula cha ndege, na harufu inamfikia. Anadhani unasaga bila kujijua, kwa upweke. Nami nimekumbuka ulivyoandika kwamba umeanza kupiga mluzi. Je, hatuwezi kukubaliana kwamba mwalimu wa ndege hao ni wewe? Unatoka kila siku, unasubiri, unaimba ukiwa nusu usingizini. Wao wanajifunza. Unarudi kesho, unasikia ulichofundisha.

Si aibu. Yupo daktari mzuri hapa, mpole, wa akili zilizochoka. Njoo ukae kwetu wiki mbili. Mke wangu Shizuyo ameshaanika godoro la wageni. Njoo na fomu.

Kunihiko


Kamiyatsu, 29 Mei 2023

Kunihiko,

Sikukusimulia habari za mplamu. Siwezi kusimulia nisichokijua.

Jana Bi Orihara alikuja na sahani ya mochi, vile vikeki vya mchele, iliyofunikwa kitambaa, macho mekundu. Nilimwambia, "Ingia, mpelelezi." Akaanza kulia. "Dada, kaka yako amekuandikia?" Nikasema ndiyo, amenishauri nitibiwe. "Niliandika kurasa mbili," akasema. "Amekusomea ngapi?"

Basi amenisimulia ya pili. Tukala mochi zote.

Umechukua nusu ya barua ya mama mzee, nusu iliyokufaa, ukanifanya mwendawazimu nayo. Mimi nimebishana na watu maisha yangu yote, na waongo nimekutana nao wa kila aina. Wa aina yako ndio wanaonitisha. Ni nadra useme neno ambalo si kweli. Unafunga tu mdomo mahali panapokufaa.

Sasa sikiliza la leo. Asubuhi kigogota wa kijani alishuka kula sisimizi chini, jambo la kawaida wakati ana makinda, nami nikamfuata kwa darubini, shina hadi shina, ili nijue anapowachimba. Alinipeleka nyuma ya mianzi, kwenye kile kichuguu ambacho babu alituambia ni tanuri la makaa lililobomoka. Halijabomoka, kaka. Mdomo wake uko wazi, kimo cha mtoto. Umezibwa na utando wa buibui kutoka ukingo hadi ukingo. Si utando wa jana. Ulikuwa na vumbi, na majani makavu ya vuli yamenaswa ndani yake.

Niliwasha tochi nikatazama bila kuugusa. Ndani kabisa, juu ya jiwe, kuna sanduku la kizimba. Karatasi ya dirisha lake ni nyeupe. Unaijua karatasi ile, ikikaa msimu mmoja mahali penye unyevu hugeuka rangi ya chai. Hii ni nyeupe kama ya leo. Mbele yake kuna kikombe cha kulishia, na ndani ya kikombe uji wa kijani, bado unameta.

Nilisimama pale na darubini yangu na elimu yangu yote. Hapakuwa na unyayo. Utando mzima. Nikajiambia, Chigusa, hesabu unachokiona, usihesabu unachokiwaza. Wakati nahesabu, kitu kikaruka nyuma ya ile karatasi, kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Kivuli kidogo, mara moja tu.

Sikuchana utando. Nilirudi nyuma hatua moja moja hadi nikaona paa la nyumba.

Nusu ya barua ulinificha. Na siku ya vizimba, nusu yake umeificha wapi?

Chigusa


Yokohama, 2 Juni 2023

Chigusa,

Ni mimi.

Siku ile nilichukua likizo, nikapanda treni ya kwanza, nikawangoja polisi pale kwenye kivuko cha reli. Niliwaonyesha njia ya nyuma ili majirani wasione. Walipokuwa wakifungua vizimba nilisimama nje ya uzio. Ndiyo maana naujua mplamu. Baba hakuniona. Alikuwa amepiga magoti, na kila ndege alipotoka aliinua mkono kidogo, kama mtu anayeaga meli.

Nilijiambia nimefanya hivyo kwa ajili ya mapafu yake. Daktari alikuwa ameniambia vumbi la manyoya litamuua kabla ya vumbi la chokaa. Hilo ni kweli. Lakini ningeweza kuja kumwambia usoni, kama wewe. Nadhani hasa ilikuwa ile Mei yetu. Miaka kumi na minane ya kunong'ona, wakati yeye anawasemesha ndege. Nilitaka asikie nyumba yake ikiwa kimya.

Tarehe 8 Juni, jioni, alinipigia simu. Hili sijamwambia mtu, hata Shizuyo. Akauliza, "Ni Chigusa, sivyo? Kwanza gazetini, halafu polisi." Nilikuwa nimeshika simu jikoni. Nilikuwa na neno mdomoni, fupi tu, herufi chache. Sikulisema. Nilimsikia akingoja. Akavuta pumzi, ile pumzi yake, kisha akasema, "Basi chakula cha mkono ule sitakula tena." Akakata.

Asubuhi yake akatoka.

Kwa hiyo ukiniandikia kwamba kimya cha katikati kinarefuka, usidhani sikuamini. Tangu barua yako ya kwanza nimekuwa nikikisikia. Nilitaka fomu ile igongwe muhuri kwa sababu nilidhani mtu aliyetangazwa amekufa hawezi tena kuuliza.

Nilificha ukurasa wa pili wa Bi Orihara kwa sababu niliogopa. Sina sababu nyingine ya heshima zaidi.

Sijui niandike nini hapa chini. Utanifanya utakavyo.

Kunihiko


Kamiyatsu, 5 Juni 2023

Kunihiko,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama langoni, postamani hajafika hata kwa Orihara. Sikulia. Nilikwenda kuosha mchele, nikauosha mpaka maji yakawa safi kama ya kisima, kisha nikautupa.

Kumbe alikaa mezani kwangu siku tatu za mwisho akiamini mkono uliompakulia ndio uliomuuza. Nilidhani hali kwa sababu ya huzuni. Nilimwambia, "Baba, kula, ndege watarudi." Akanitazama. Nimeukumbuka mtazamo ule kwa miaka saba na kila mwaka niliupa maana nzuri zaidi.

Na miaka saba nimetoka alfajiri nikidhani naitwa. Nilipopiga mluzi na jibu likasogea hadi uzioni, hadi ukutani mwa bafu, moyo wangu uliruka kama wa mtoto, nikasema, amenitambua. Alikuwa amenitambua kweli. "Ndiye huyu aliyeniuza," alikuwa akisema, "na sasa anathubutu kuniimbia wimbo wangu."

Leo asubuhi makinda wa kigogota wametoka shimoni, wanne, wakining'inia kwenye gome la mcheri kama nguo zilizoanikwa vibaya. Ningekuwa nje nikiwatazama kwa karibu, si kupitia dirisha. Sikuwa nje. Mluzi ulikuwa kwenye ukumbi wa nyumba, upande wa pili wa mlango wa karatasi wa chumba changu. Hatua tatu kutoka kwenye mto wangu. Ulipokatika nilihesabu hadi saba. Nililala macho wazi, nikasubiri sehemu iliyobaki, na sehemu iliyobaki haikuja. Imebaki hapo ukumbini mpaka sasa ninapoandika, haijamalizwa.

Nimekuandikia barua tatu kuthibitisha kwamba yu hai. Hoja hiyo naiacha. Sijui ni nini kilichosimama mlangoni kwangu, na sibishani nawe tena kuhusu kukipa jina. Awe hai, awe mfu, anaamini jambo ambalo si kweli juu yangu, na mtu mmoja tu duniani anaweza kumtoa katika imani hiyo. Mimi siwezi. Nikisema "si mimi," nitakuwa nasema kile ambacho kila msaliti husema.

Fomu yako iko mezani, muhuri uko juu yake. Nitagonga, uuze msitu, wajenge vioo hadi relini, lakini si kabla ya jambo moja.

Kwa hiyo sikilizeni, wewe Kunihiko, na wewe wifi Shizuyo ambaye najua barua hii utaisoma juu ya bega lake. Wifi, usimwache aseme goti linauma. Mshike mkono umpandishe treni ya tarehe 8. Mtalala kwa Bi Orihara, si kwangu, nyumba hii isiguswe na mtu mwingine kwa sasa. Tarehe 9, kabla ya jua, mlete hadi kwenye mianzi, kisha umwachie aende peke yake.

Na wewe, kaka, usije na hotuba, wala karatasi ya kusoma. Simama mbele ya mdomo wa tanuri. Usiuchane utando. Taja jina lako lote, useme ni nani aliyewaonyesha polisi njia ya nyuma, useme ni nani aliyekaa kimya kwenye simu. Sema kwa sauti ya mtu mzima, usinong'one, kwa kuwa Mei imekwisha. Ukimaliza, usiseme samahani harakaharaka ukageuka. Baki pale pale, na usiondoke kabla hujajibiwa.

Chigusa